SunVox: otomesheni inayoandikwa mstari mmoja na nota

Katika programu nyingi za kutayarisha muziki, nota huandikwa mahali pamoja na mabadiliko ya vidhibiti huchorwa mahali pengine, kwa kawaida kama mstari unaopanda na kushuka chini ya wimbo, na matokeo yake ni kwamba mtayarishaji huzoea kuuona mwendo wa kichujio au wa mwangwi kuwa kazi ya baadaye, ya kufanywa nota zikishakaa sawa. SunVox, sinthesaiza ya moduli (vipande vya programu vinavyotoa au kubadilisha sauti) iliyotengenezwa na Alexander Zolotov, haitenganishi mambo hayo mawili. Upande mmoja wa skrini moduli huunganishwa kwa nyaya, na upande mwingine kuna ruwaza ya mtindo wa treka, ambamo muziki husomwa kutoka juu kwenda chini. Nimeitumia kwa muda mrefu, na kinachonirudisha kwake kila mara ni namna inavyoshughulikia otomesheni, yaani hayo mabadiliko ya vidhibiti wimbo unapoendelea, kwa hiyo tathmini hii itabaki hapo.

Kila mstari wa ruwaza una nafasi ya nota, ya nguvu ya nota, ya namba ya moduli, ya namba ya kidhibiti na ya thamani yake. Tuseme kichujio, ambacho SunVox hukiita Filter, ni moduli namba 03. Masafa ya kukata, yaani mpaka ambapo kichujio huanza kuondoa sauti, ni kidhibiti cha pili cha moduli hiyo, kwa hiyo unaandika 03, kisha 0200, kisha thamani, kwa mfano 4000, na mstari huo unapopitiwa kichujio kinatii. Thamani huandikwa kwa namba za msingi wa 16, kuanzia 0000 hadi 8000, na kipimo hicho hakibadiliki hata kama kidhibiti chenyewe kinahesabu hezi au asilimia. Kwa kuwa masafa ya moduli ya Filter hufika hezi 14,000, thamani ya 4000, ambayo ni nusu, huyaweka kwenye hezi 7,000. Nakiri kwamba namba hizi huchosha macho siku za kwanza, lakini ukishajua kwamba 2000 ni robo, 4000 ni nusu na 6000 ni robo tatu, vidole huanza kuziandika bila kusubiri hesabu.

Wingi wa hatua hizo si jambo dogo. Katika MIDI, lugha ya kuunganisha vyombo vya muziki vya kielektroniki iliyoanza kutumika mwaka 1983, kidhibiti cha kawaida kina thamani 128 tu, yaani 0 hadi 127. Ukizitandaza juu ya masafa ya hezi 14,000 kwa mstari ulionyooka, kila hatua moja itaruka takriban hezi 110, na huko chini kwenye besi kuruka kutoka hezi 110 hadi 220 ni oktava nzima, yaani masafa yameongezeka maradufu. Hatua 32,768 za SunVox (ndiyo 8000 ya msingi wa 16) huondoa tatizo hilo kabisa.

Kasi ya mistari ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Projekti mpya huanza na mapigo 125 kwa dakika na tiki (vipande vidogo vya muda) 6 kwa kila mstari, desturi iliyorithiwa kutoka kwa treka za kompyuta za Amiga za miaka ya 1980, na kwa mpangilio huo mstari mmoja hudumu sekunde 0.12. Maana yake ni kwamba hata ukiandika thamani mpya katika kila mstari, kichujio kitapokea amri mara nane hivi kwa sekunde, na kwenye sauti ndefu iliyotulia sikio litazisikia kama ngazi. Moduli ya Filter ina kidhibiti kiitwacho Response, kinachoamua jinsi masafa yatakavyoifuata amri kwa wepesi au kwa uvivu, na kukipunguza hulainisha ngazi hizo. Unaweza pia kupunguza tiki ziwe 3 ili mistari ipite kwa kasi maradufu, ila ruwaza itarefuka maradufu nayo. Mimi huanza na Response, na mara chache sana hulazimika kwenda mbali zaidi.

Hata hivyo, kuna nyakati ambapo ngazi ndizo zinazotakiwa. Chukua mistari 16 ya besi inayorudia nota ileile moja, weka 0600 kwenye mingi, kisha weka 2A00 kwenye mstari wa nne, wa saba na wa kumi na nne. Nota haijabadilika hata kidogo, lakini tayari kuna mdundo unaosogea, kwa sababu mkazo umetoka kwenye kichujio. Hapo ndipo nilipoielewa programu hii: kidhibiti kimekaa kando ya nota, vinasomwa kwa jicho moja, na unaanza kukitungia kama unavyotunga ala nyingine yoyote.

Moduli inayostahili sifa kubwa kuliko zote ni MultiCtl. Hii haitoi sauti. Kazi yake ni kupokea thamani moja na kuipeleka kwenye vidhibiti vya moduli nyingine, hadi 16 kwa pamoja, na kila mpokeaji hupangiwa kiwango chake cha chini na cha juu. Ukiweka kiwango cha chini kuwa kikubwa kuliko cha juu, mpokeaji huyo hutembea kinyume. Kwa hiyo namba moja kwenye ruwaza inaweza kufungua kichujio, kupunguza mwangwi na kuongeza mkwaruzo wa sauti kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa kadiri yake. Zaidi ya hapo, MultiCtl ina mchoro ambao unaweza kuupinda kwa mkono, na mchoro huo ndio unaotibu kasoro ya otomesheni ya mstari ulionyooka. Sikio hupima masafa kwa uwiano, si kwa kutoa na kujumlisha: kutoka hezi 100 hadi 200 ni oktava, ilhali kutoka 7,000 hadi 7,100 ni mabadiliko madogo sana. Kichujio kinachopandishwa kwa mstari ulionyooka hufunguka ghafla mwanzoni, kisha kwa muda mrefu huonekana kama kimesimama. Upinde mchoro ili uanze kwa kutambaa na kupanda kwa kasi mwishoni, nao mfunguko utasikika sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sound2Ctl hufanya jambo jingine, kwani hugeuza sauti yenyewe kuwa amri. Matumizi yake ya kawaida ni kuipeleka ngoma ya kiki ndani yake na kuielekeza amri yake kwenye Amplifier, moduli ya kukuza sauti, inayobeba besi, ili besi ishuke kila kiki inapopigwa na kurudi kiki inapokwisha. Kwa kuwa mwendo unatakiwa uwe wa kinyume, OUT min, yaani thamani inayotumwa kiki ikiwa kimya, ndiyo inayobeba ukubwa wa kawaida wa besi, na OUT max, ya kiki ikiwa kwenye kilele, huwekwa 0. Hapa tahadhari inahitajika: kidhibiti cha ukubwa wa sauti cha Amplifier huhesabu hadi 1,024, lakini kiwango cha kawaida ni 256, yaani robo. Namba sahihi ya OUT min basi ni 8,192, na anayeweka 32,768 kwa kudhani kwamba ndiyo asilimia 100 atapata sauti iliyokuzwa mara nne, sawa na desibeli 12, na hilo ni hatari kwa spika na kwa masikio yaliyofunikwa na hedifoni.

Kasoro zipo. Anayetaka kuuona mwendo mzima wa wimbo kama picha hatauona, kwa sababu safu ya namba haimwonyeshi msomaji mpya mlima uko wapi na bonde liko wapi. Tena thamani ikishaandikwa hubaki mpaka amri nyingine iibadilishe, kwa hiyo ni lazima uandike thamani za kuanzia katika mstari wa kwanza wa kila sehemu ya wimbo, la sivyo ubeti utaanza na kichujio kilichoachwa wazi na kiitikio. Kwa upande wa gharama, programu ni ya bure kwenye Windows, macOS na Linux, na hulipiwa kwenye simu za Android na iOS.

Projekti inapokua na vidhibiti vikawa vingi kupita uwezo wa kukumbuka namba zake, MetaModule huifunga SunVox nzima, pamoja na moduli zake na ruwaza zake, ndani ya moduli moja, na wewe unachagua vidhibiti vitakavyoonekana kwa nje. Besi yangu ya sasa ina moduli 11 ndani ya MetaModule, na kwa nje nimeacha vidhibiti vitatu tu: mng'ao, ukali na mwangwi.