VS Code au kihariri cha kuburuta? Nimejaribu vyote viwili kwa tovuti moja

Mwaka jana nilimtengenezea dada mmoja wa Pangani tovuti ya nyumba yake ya wageni, vyumba sita tu. Nilitumia kihariri cha kuburuta vitu kwa mausi. Jina la kihariri hicho naliacha. Siku mbili kazi ikaisha, na kwenye laptopu yangu ilipendeza kweli.

Shida ikaja kwenye simu. Mgeni mmoja alilalamika kwamba ukurasa unamaliza bando kabla hata picha ya kwanza haijatokea. Na kitufe cha kupiga simu, ambacho ndicho roho ya tovuti yenyewe, kilikuwa kimejificha nyuma ya bango. Nikafungua msimbo nione: kitufe kile kimefungwa ndani ya div tisa, yaani visanduku vya msimbo vilivyowekwa kimoja ndani ya kingine, kama maganda ya kitunguu. Kumbe kilihitaji mstari mmoja, `<a href="tel:…">Piga simu</a>`.

Nikaiandika upya kwa mkono ndani ya VS Code, programu ya bure ya Microsoft ya kuandikia msimbo, iliyotoka 2015. Nimeipenda mno. Fungua faili la HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, andika alama ya mshangao, bonyeza Tab: kiunzi chote cha ukurasa kinashuka, pamoja na ule mstari wa viewport unaoufanya ukurasa ukae sawa kwenye simu. Kumbuka tu kubadilisha `lang="en"` iwe `"sw"`, maana programu zinazowasomea wasioona hutazama hapo kujua zitamke lugha gani. Ukiongeza Live Server, kiendelezi cha VS Code, kila ukihifadhi faili ukurasa unajionyesha upya kwenye kivinjari. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea, kwa sababu faili zimo kwenye mashine yako.

Kujifunza kunataka subira. Flexbox peke yake, ile njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye ukurasa, ilinichukua wiki mbili hadi vyumba sita vikapangika vizuri kwenye kioo kidogo.

Mwenye duka anayebadilisha bidhaa kila siku, mimi bado namshauri achukue kihariri cha kuburuta. Si haki amsubiri fundi kila asubuhi. Hata dada wa Pangani, Krismasi ilipofika akataka kupandisha bei, ilibidi anipigie. Hilo liliniuma. Nikahamishia faili GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo mtandaoni, nikamwonyesha ile alama ya penseli ya kuhariri na mstari wa kugusa. Bei za Pasaka alizibadilisha mwenyewe, kwa simu yake.