Pedi za miguu za kipa wa mpira wa magongo: sponji safi, mikanda mmh

Makipa wenzangu, hizi pedi nimezivaa msimu mzima na sponji bado iko ngumu, mpira ukigonga unaruka mbali kabisa, haukudondokei miguuni mbele ya straika, na kwenye pigo la kona hapo ndo utajua umuhimu wake. Nyepesi pia, maana kwenye matuta ya magongo mshambuliaji anakuja na mpira akiwa na sekunde 8 tu kufunga, na lazima utoke fasta umzibe, mcheki kipa Maddie Hinch wa Uingereza fainali ya Olimpiki ya Rio 2016, Waholanzi wanne wote aliwazima, sasa na pedi nzito ungeweza kweli?? Mikanda ya nyuma ndo shida, ikilowa inalegea, na viwanja vyetu hivi vinamwagiwa maji kila mechi. Miguu mifupi chukua saizi ndogo, sehemu ya goti ya pedi isije ikakaa juu ya goti lako.