Kisanduku cha matone kilichomaliza mwani wa bwawa langu

Kuanzia masika ya mwaka jana hadi katikati ya Julai, bwawa la kuogelea la nyumbani kwetu Mbezi Beach lilikuwa na mwani uliokataa kufa. Simaanishi mwani wa Paje na Jambiani, ule ambao akina mama wanaufunga kwenye kamba na kuuza. Huu ni vumbi la manjano linalokaa ukutani upande wa kivuli, chini ya mwembe, ukiliona utadhani watoto wamemwaga mchanga. Ukipitisha brashi linapeperuka kama moshi, ukuta unabaki mweupe, unajipongeza. Kesho kutwa limerudi palepale, na umbo lake lilelile.

Bwawa lenyewe si kubwa: mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 48,000 hivi. Lina pampu, chujio la mchanga, na fundi anayekuja Jumatano na Jumamosi. Nataka kusimulia kitu kimoja tu nilichonunua, kisanduku cha kupimia maji, ila sitaweza bila kutaja kwanza yale yaliyokitangulia, maana ndiyo yaliyokula hela.

Nilianza na dawa ya kuua mwani, galoni la lita tano, kutoka duka moja la vifaa vya mabwawa. Watoto waliporuka majini tukapata povu la kutosha kufulia mapazia ya nyumba nzima. Mwani ulipauka siku nne, ukarudi. Nikapiga simu, muuzaji akasema nizidishe kipimo. Nikazidisha. Povu nalo likazidi.

Fundi akaja na wazo lake: mrututu. Ni uleule wa bluu ambao wakulima wanauchanganya na chokaa kupulizia ukungu shambani. Haki yake nimpe, kwa wiki mbili maji yalipendeza, bluu ya kwenye kalenda. Lakini mrututu ni shaba, na shaba haipotei hewani. Inabaki humohumo, inajipaka kwenye kila kitu. Grauti ya vigae ikaanza madoa ya kijivu. Baba mkwe wangu, mzee wa watu, ndevu nyeupe pee, huja kila Jumapili asubuhi kuogelea mizunguko yake kumi. Jumapili ya tatu zile ndevu zilikuwa na rangi ya limau bichi. Sote tuliona, hakuna aliyethubutu. Mjukuu wake wa miaka mitano ndiye aliyeuliza mezani kama babu amekula mchicha.

Na mwani wangu ukutani? Upo, umenenepa.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba klorini ilikuwepo. Fundi ana kile kipimo kidogo chenye vibomba viwili, kimoja kinageuka manjano na kingine chekundu. Kila Jumatano ananionyesha: "Mama, tazama manjano ilivyokolea. Klorini ipo tele." Na hakuwa anadanganya. Swali ambalo mimi na yeye hatukujiuliza ni hili: kama sumu ipo tele, mbona anayepaswa kufa anazidi kunawiri?

Mdogo wangu anafanya kazi Dubai. Alipokuja likizo mwezi wa sita nikamwomba aniletee kisanduku cha vipimo vya matone, kile kinachopima klorini kwa njia iitwayo FAS-DPD na kinachopima pia asidi ya sianuriki, ile kemikali inayoikinga klorini na jua, ambayo mafundi wengine huiita stebilaiza. Sitaji chapa, zipo kadhaa na kazi yao ni moja. Tafuta hayo maneno kwenye boksi. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya fedha nilizokwisha kuzitupa kwenye yale magaloni.

Kipimo cha klorini ni cha raha. Unachota maji, unatia kijiko cha unga, yanageuka waridi kali kama juisi ya rosela. Kisha unadondosha dawa tone kwa tone huku ukitikisa, ukihesabu, mpaka rangi ikatike ghafla na maji yawe meupe. Kwa mililita 10 za maji, kila tone ni nusu miligramu kwa lita. Hapa hapana mambo ya kukisia manjano imekolea kiasi gani: unahesabu matone, basi. Binti yangu aliona mara moja, tangu hapo kazi ya kuhesabu ni yake.

Lakini kilichoniamsha ni hicho cha sianuriki. Unachanganya maji ya bwawa na dawa yake, nusu kwa nusu, yanakuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Unatoka nje, jua liwe mgongoni, unashika kibomba usawa wa kiuno. Chini yake kuna nukta nyeusi. Unamimina ule ukungu polepole ukitazama kutoka juu, na pale nukta inapotoweka unasoma mstari. Ukimimina mengi bado unaiona, sianuriki ni kidogo. Mimi sikufika mbali. Nukta ilizama kwenye mstari wa chini kabisa, miligramu 100 kwa lita, ambao ndio mwisho wa kipimo. Nikaona labda nimekosea. Nikachanganya maji ya bwawa na ya bomba kiasi sawa, nikapima tena: 70. Zidisha mara mbili, ni 140. Bwawa la nyumbani linatakiwa liwe kati ya 30 na 50.

Ilitoka wapi yote hiyo? Kwenye vidonge. Tulikuwa tunatia vidonge vitatu vya gramu 200 kila wiki kwenye kile kidude kinachoelea, na vidonge vya aina hiyo klorini yake imefungwa na sianuriki ndani kwa ndani. Nilikaa na kalamu: kwa maji yangu kila kidonge kinaongeza kama 2.25. Vitatu kwa wiki, wiki ishirini, unafika 135. Klorini inaliwa na jua na uchafu, inaisha. Sianuriki haiendi popote. Maji yakikauka kwa joto, yenyewe inabaki, kama chumvi sufuriani.

Si kwamba ni kitu kibaya. Kwa jua la Dar, klorini isiyo na kinga humalizika karibu yote kwa saa mbili tatu za mchana. Sianuriki inaishika isichomwe. Tatizo ni kushika mno: kiasi kinachobaki huru kupambana na mwani kinakuwa kiduchu, ingawa kipimo cha fundi kinasoma manjano kali vilevile. Wanaojua haya mabwawa hutumia hesabu ya asilimia 40: kuua mwani, klorini ifike kama asilimia 40 ya sianuriki. Kwa 140 ningehitaji 56, ambayo kwa bwawa langu ni kilo nne na ushee za klorini ya unga ya asilimia 65, halafu niishikilie hapo siku kadhaa. Kwa 35 nahitaji 14, kilo moja hivi. Tulikuwa tunatia kilo mbili jioni moja, tunalala, tunaamka tunashangaa.

Dawa ya sianuriki ni kumwaga maji, na hapa namshukuru fundi. Mimi nilitaka tutoe yote siku moja. Akakataa katakata: huku kwetu pwani maji ya ardhini yako juu, bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likainuka au likapasuka. Tukatoa nusu, tukajaza, tukaacha pampu izungushe siku nzima, tukatoa nusu tena. Jumla ya lita 48,000, kwa maboza ya lita 10,000, kwa sababu kisima chetu kina chumvi na bomba lilikuwa kwenye mgao. Maboza matano kwenye geti moja ndani ya wiki, jirani alituma salamu kuuliza kama tuna msiba.

Nikapima. Nukta ilipotea kati ya 30 na 40, na sehemu kubwa ya ile shaba nayo ilikuwa imeondoka na maji.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mikono zaidi kuliko ya dawa. Tulishusha pH hadi 7.2 kwanza, kwa sababu klorini ikishapanda sana kipimo cha pH kinasema uongo. Kisha klorini ya unga, ikayeyushwa kwenye ndoo yenye maji (unga unaingia kwenye maji, usimwagie unga maji), hadi 14. Vidonge vilivyobaki nilivitoa kwenye kidude na kuvifungia mbali. Siku ya kwanza fundi alitaka kutumia kidude hichohicho kwa unga, nikamrukia kama chui: vidonge vile na klorini ya unga vikikutana vinaweza kushika moto au kulipuka. Watoto wiki ile hawakugusa maji.

Huu mwani wa manjano ni mjanja, unajificha. Tulifungua taa ya chini ya maji, tukaivuta na waya wake hadi juu. Nyuma yake kulikuwa na utando laini, wa rangi ya haradali. Tukalegeza ngazi, kwenye soketi zake nao umo. Brashi yenyewe tuliyokuwa tunausugulia ilikuwa nao kwenye manyoya, kwa hiyo miezi yote ile tulikuwa tunausafirisha kutoka ukuta huu kwenda ule. Maboya, mpira, hata nguo za kuogelea, vyote viliingia kwenye beseni la maji ya klorini.

Kipimo cha usiku ndicho kilichonifanya nikipende hiki kisanduku. Unapima jua likishazama, unapima tena kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kula klorini, kwa hiyo kilichopungua kimeliwa na mwani au uchafu mwingine uliomo majini. Usiku wa kwanza ilishuka kutoka 14 hadi 8. Nilisimama pale baada ya swala ya alfajiri, tochi ya simu mdomoni, nikihesabu matone, nikaelewa kwamba maji yanayoonekana masafi yana jeshi zima ndani. Usiku wa tatu, 14 hadi 11. Usiku wa sita, 13.5 hadi 13. Nilihesabu mara mbili nisiwe nimejidanganya. Tukaisukuma hadi 20 kwa siku moja zaidi kwa ajili ya ule ugumu wa manjano, tukatia shabu kuzamisha vumbi la mwani uliokufa, na fundi akalivuta na kulimwaga nje moja kwa moja bila kupitisha kwenye chujio. Hiyo ilikuwa Julai. Ukuta wa mwembeni hadi leo ni mweupe.

Kasoro zipo. Maelekezo ni ya Kiingereza, herufi ndogo kama za Biblia ya mfukoni, nami ilibidi nimwandikie fundi hatua zake kwenye karatasi. Ule unga wa waridi haupendi unyevu wa Dar. Nilisahau kifuniko wazi usiku mmoja ukagandana. Dawa ya kupimia sianuriki ni chache, inaisha mapema, na maduka niliyoulizia hapa hawana ya kujazia. Chupa zina tarehe za kuisha, na ukiziacha kwenye banda la pampu joto litaziua kabla ya tarehe hiyo. Kwa hayo nakata nyota moja, nne zinabaki. Na kama bwawa lako liligeuka kijani mara moja tu baada ya pampu kukaa wiki bila umeme, usihangaike na kisanduku hiki, klorini na brashi vitatosha.

Sasa natumia klorini ya unga kila jioni, vidonge tu tukisafiri.

Jumamosi iliyopita fundi alikuja na chupa ya maji ya Kilimanjaro mfukoni, imejaa nusu. Akazungukazunguka kwanza, akauliza habari za watoto, ndipo akasema, "Mama, samahani, haya ni ya mteja wangu wa Kunduchi. Naye anatumia vidonge. Naomba unipimie." Tukatoka nje, jua mgongoni, akamimina yeye mwenyewe. Nukta ikazama kwenye mstari wa kwanza. Akaifunga chupa yake taratibu, akauliza boza siku hizi ni shilingi ngapi.