Misimu miwili na utepe wa faibaglasi kwenye mabomba ya mvuke

Boti yangu ni ya mita 6. Bomba la mvuke linalotoka kwenye boila kwenda kwenye injini linapita karibu kabisa na goti la abiria. Geji ya shinikizo ikisoma bar 7, mvuke una joto la nyuzi 170 hivi, na ngozi ikigusa bomba tupu la namna hiyo inabaki hapo hapo. Tena bomba tupu linapoza mvuke njiani, mvuke unageuka maji, na maji yakiingia kwenye silinda injini inagonga. Ndipo nikanunua utepe wa faibaglasi, upana milimita 50, unene milimita 3.

Uloweke kwanza. Ukiwa mkavu nyuzi zinapeperuka, zinawasha mpaka kwenye viwiko, na utepe wenyewe haukazi. Nilipouzamisha kwenye ndoo ya maji ulilainika, nikauvuta ukashika kona vizuri. Glavu, barakoa na mikono mirefu ni lazima hata hivyo. Nilianzia chini nikapanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, ili maji ya bahati mbaya yateleze nje yasipenye ndani. Ncha nilizikaza kwa waya usioshika kutu; zikiachwa huru zinachambuka.

Nilipouzungushia mara moja tu, bomba lilikuwa bado halishikiki. Nikarudia tabaka la pili, na sasa naliwekea kiganja kwa sekunde chache bila kuungua. Kwa hilo pekee nimeridhika sana na bidhaa hii.

Kosa langu lilikuwa kufunika na flenji, yaani viungo vya bomba vinavyokazwa kwa boliti. Baada ya wiki kadhaa niliona kidoa cha kahawia chini ya kiwiko cha bomba, kidogo kama kitufe cha shati. Nilipokata utepe nikaukuta umelowa chepechepe: gasketi inayoziba kiungo ilikuwa inavuja polepole, nami sikuiona. Utepe uliolowa haukingi joto, na boliti zilikuwa zimeanza kutu. Siku hizi viungo na vali navivalisha kijimto cha kitambaa cha faibaglasi kinachofungwa kwa kamba, nakivua nikitaka kukagua.

Utepe ukiachwa hivyo hivyo unanyonya mafuta na masizi, na mafuta yaliyonyonywa karibu na joto yanaweza kushika moto. Kwa hiyo juu yake niliweka kitambaa cha marekani, nikakikata vipande virefu, nikakishona mshono ukiwa upande usioonekana. Nikakipaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, mara mbili, kisha rangi ya krimu. Kilipokauka kilijikaza kama ngozi ya ngoma. Kazi ya rangi ifanywe baada ya kuwasha moto mdogo na kukausha utepe kabisa, la sivyo unyevu uliobaki unafanya malengelenge. Nimeshayaona.

Kwenye boti ya zamani, ukikuta mabomba yamefunikwa kwa kitu cha kijivu chenye nyuzi, usikiguse wala kukikata mpaka kipimwe. Mara nyingi ni asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu.

Kwa vibomba vyembamba vya geji na vya kutolea maji, utepe huu ni mpana mno, unajikunja kwenye kona. Huko nitatumia wa milimita 25.