Tairi za kempa: achana na nywele, tafuta namba nne

Desemba 2024, saa mbili usiku, tuko na kempa yetu Lwera, hapa Uganda, tunaelekea Mbarara kwa mama mkwe. Mnaopita barabara ya Masaka mnaijua Lwera, maji kulia maji kushoto, pembeni hakuna pa kusimama, na malori ya mchanga yanakupita kama yamefukuzwa. Tukasikia mlio kama bomu la machozi. Tairi ya nyuma kulia, ile ya ndani, imepasuka, na waya zake zimeshamchana mwenzake wa nje ubavuni, kwa hiyo tairi mbili zimekwenda kwa dakika moja na watoto wanne huko nyuma kila mmoja analia kwa sauti yake. Baba Hamidu akaingia chini kushusha spea, wapi, mnyororo umeshika kutu hausogei. Dereva mmoja wa Coaster ya abiria, Mungu amuweke, akatuazima spea yake, tukafunga hiyo moja peke yake upande ule tukajikongoja mpaka Lukaya mwendo wa mtu anayetembea.

Kilichoniuma si hela. Ni kwamba ile tairi ilikuwa bado nzuri, yaani kwa macho. Kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zimejaa, mpira unang'aa, tumeinunua Machi 2023 dukani Kampala ikiwa mpya, tena zote sita siku moja. Pale Lukaya fundi alipoigeuza upande wa pili, ule uliokuwa umefichwa katikati ya tairi mbili, ndo nikaona namba: 0915. Wiki ya tisa ya mwaka 2015. Banange! Niliuziwa tairi ya miaka minane kwa bei ya mpya, na mpaka inapasuka ilikuwa inakaribia kumi.

Kwa hiyo leo ni tairi za kempa, yaani magari ya kulala, haya makubwa tunayoyaunda wenyewe kutoka kwa mabasi madogo ya Coaster na Rosa na malori ya Isuzu, tunaweka vitanda, jiko la gesi na tanki la maji alafu tunajiita watalii. Sitaandika kashata gani inashika matope wala ipi ina kelele kwenye lami, hayo kila muuzaji atakuimbia bila kuulizwa. Mimi nina jambo moja na nitalirudia mpaka mnichoke: tairi imezaliwa lini, na namba yake imetazama wapi.

Kosa letu tuliuliza wanaojua. Tuliwauliza madereva wa Coaster za Mbarara, watu wenye uzoefu kutuzidi mara mia, wakasema nunua yoyote bora kashata iwe nene. Na kwao ni kweli! Gari ya abiria inakimbia kila siku ya Mungu, kashata inaisha kabla tairi haijazeeka, umri wake nani aujali. Kempa yetu kwa mwaka haifiki kilomita elfu sita, muda mwingi imesimama uani Bweyogerere jua linaipiga ubavu mmoja. Sisi tairi zetu hazifiki kuwa kipara, zitakufa kwa uzee zikiwa na kashata zote. Na kwa sababu karibu kila mnunuzi wa saizi hizi ni mwenye abiria au mwenye mizigo, hakuna anayeuliza tarehe, tairi iliyolala stoo miaka saba inapangwa sambamba na iliyofika juzi, na bei ni ileile.

Mpira wa tairi unachanganywa na nta ya kuukinga na jua na ozoni iliyomo hewani. Ile nta inapanda juu tairi inapozunguka na kujikunja barabarani. Gari likisimama muda mrefu nta haipandi, ubavu unaanza kuchanika mistari midogomidogo kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Muuzaji anachofanya, anapitisha ile dawa nyeusi ya kung'arisha, mistari inapotea, unauziwa bibi harusi. Na dawa zingine zenye mafuta ya petroli ndo zinazidi kuumaliza mpira.

Alafu kuna hii ya nywele. "Nyabo, hii mpya, ona bado ina nywele!" Mara ya kwanza mimi niliamini, nikazishika hizo nywele kwa vidole nikafurahi kabisa. Vile vinywele vya mpira vinatokea kwenye vitundu vya kutolea hewa vya kalibu kule kiwandani, na kama tairi haijatembea vinakaa hapo hata miaka kumi na tano. Vinakwambia haijatumika. Umri havikwambii.

Umri unausoma hivi. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata ule msururu mpaka mwisho, namba nne za mwisho ndo zenyewe, mbili za kwanza ni wiki na mbili za pili ni mwaka. 3424 ni wiki ya 34 ya 2024. Mtindo huu ulianza mwaka 2000, kabla ya hapo zilikuwa namba tatu, ukikuta tatu kimbia. Na ujanja wote uko hapa: tarehe mara nyingi imechapwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili utaona DOT na herufi kadhaa lakini tarehe hakuna. Fundi wa dukani akitaka kukuficha anaifunga tu tarehe ikitazama ndani na wewe unaondoka unashukuru. Kwa tairi pacha za nyuma ndo mbaya zaidi, tarehe ikiingia katikati ya hizo mbili hutaiona tena mpaka siku ya Lwera yako.

Mimi sasa nasimama hapo hapo na simu mkononi. Napiga picha namba ya kila tairi kabla haijapanda kwenye rimu. Za mbele tarehe inatazama nje, za nyuma za nje inatazama nje, za nyuma za ndani inatazama chini ya gari, ili siku yoyote nikijikunja na tochi niisome. Mafundi wananiona kichaa, na mmoja aliniambia kwa heshima zote, mama, kwani tairi ni maziwa? Nikamwambia ndiyo, tena ya Lwera.

Kiwango changu: isiyozidi mwaka mmoja na nusu nalipa bei yao. Miaka miwili, punguza bei tuzungumze. Mitatu, naenda nyumbani. Zile zilizopangwa barandani juani kama tangazo la duka sizigusi hata kama ni za mwezi jana, naomba za stoo. Na pacha ziwe za umri mmoja na aina moja, maana iliyo kubwa kidogo inabeba mzigo wa mwenzake, inapata moto, basi.

Neno dogo tu la uzito kwa sababu hili nalo halitajwi. Saizi yetu ni 7.00R16, na ubavuni kuna namba kama 113/111, ya kwanza ni mzigo wa tairi ikiwa peke yake, ya pili ikiwa pacha. 113 ni kilo 1,150 na 111 ni kilo 1,090. Kuna za 117/116, yaani kilo 1,285 na 1,250, nunua hizo. Coaster iliundwa kwa ajili ya abiria na abiria wanashuka njiani, lakini kabati, friji na lita 200 za maji hazishuki, zinakaa kwenye tairi usiku na mchana hata mmelala. Na asikudanganye mtu uweke 7.50, iliyo pana zaidi, nyuma ndo ugumu uongezeke, pacha zinakaribiana mpaka zinaweza kusuguana.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni Bridgestone na siombi radhi kwa mtu. Marehemu baba aliendesha malori kambini Jinja, nimekua nikisikia hilo jina kabla sijajua kusoma, kwa hiyo jueni nina upendeleo. Ni kampuni ya Japani ya mwaka 1931, mwanzilishi aliitwa Ishibashi, jina lenye maana ya daraja la jiwe, akaligeuza kwa Kizungu na kulipindua, nampenda kwa hilo tu. Lakini sababu yenyewe ni kwamba baada ya Lwera nilipopiga simu kuuliza tarehe, aliyekuwa nazo hakukata simu. Alikwenda stoo akarudi akanisomea moja moja, zote sita zimepishana wiki tatu. Ubavu wake mgumu, tumepita nazo Kitgum mpaka Kidepo kwenye ile murram yenye mawe kama ngumi, hata panchari moja hatukupata, na nikizikagua sasa sioni mstari.

Namba mbili Michelin. Hawa ndo walioleta tairi ya redio mwaka 1946, samahani, redio tena, radiali, ile ambayo nyuzi zake za ndani zinakatiza kutoka ubavu hadi ubavu, na wanasema wazi kwamba baada ya miaka mitano tairi ikaguliwe kila mwaka na ikifika kumi itolewe hata kama inapendeza, pamoja na spea. Kampuni inayokwambia bidhaa yake itazeeka naiheshimu. Shida yangu nao ni bei, na saizi yetu kuipata mpaka uagize, na ukiagiza unaambiwa wiki mbili, unazaa mtoto anaanza kutembea.

Yokohama na Dunlop naziweka pamoja namba tatu, ukipata za tarehe nzuri nunua ulale usingizi. Zamani hapa ningeitaja Yana, tairi yetu ya Afrika Mashariki, nani hakuijua Yana, lakini kile kiwanda cha Nairobi kilifungwa 2016. Kwa hiyo mtu akikushikia Yana akasema hii original ya Nairobi, piga hesabu mwenyewe.

Za India, Apollo, MRF, CEAT, zinafaa. Za China, Triangle, Linglong na wenzao, bei nafuu, na namba ikiwa ya mwaka huu afadhali hiyo kuliko Bridgestone ya 2016. Mtumba hapana.

Sasa bei, na hapa mnivumilie. Ukifika dukani na kempa yenyewe, wakaona pazia dirishani na sola juu ya paa, bei inapanda kabla hujazima injini. Nimefanya jaribio, asubuhi Baba Hamidu kaenda na gari kaambiwa laki tisa na nusu kwa moja, mchana nimekwenda mimi na boda, nimevaa kandambili, duka lilelile tairi ileile, laki saba na themanini. Siku hizi gari linabaki nyumbani, bei inamalizwa kwanza, ndo tunalileta. Alafu tyubu na flapu, ule mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu, hazimo kwenye bei, hilo unaambiwa tairi ikiwa tayari imelala chini rimu iko wazi, utafanyaje, utasema rudisha? Na usikubali tyubu ya zamani kwenye tairi mpya, hata wakikuapia.

Kisha linakuja swali la "unataka na risiti au bila". Ya EFRIS, yaani risiti ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, unaongezewa asilimia 18, kana kwamba VAT ni kikolezo unachochagua kama nyanya kwenye rolex, ile chapati ya mayai. Nataka risiti, na nataka namba nne za kila tairi ziandikwe humo. Duka tatu zimekataa kuandika. Moja mwenye duka alicheka akasema hajawahi kuombwa hilo tangu afungue. Nikamuuliza kama tairi ni mpya unaogopa nini kuandika wiki? Akaanza habari za dola kupanda na kontena kukaa Mombasa. Dola inahusiana vipi na kalamu?

Jingine nililosahau, upepo. Tairi ya ndani pua yake ya kujazia upepo iko mbali, watu wengi hawaipimi, wanaipiga teke tu. Nunua kile kipande cha kurefushia pua. Nahisi ile ya Lwera ilikuwa na upepo mdogo pia, uzee na njaa vikakutana.

Na spea. Baada ya kuandika yote hayo hapo juu nikakumbuka kwamba ya kwetu haijawahi kushuka tangu gari litoke Japani, Coaster yenyewe ni ya 1998. Jumamosi nikamwita fundi akaukata ule mnyororo kwa msumeno. Ikaanguka puu, vumbi jekundu la miaka yote hiyo, chini ya vumbi nyeusi tii, kashata kamili, na nywele zake zote. Hamidu akaifuta kwa kitambaa nikawasha tochi kutafuta namba nne.

Zilikuwa tatu.