Umepandisha toleo la mfumo, DNS yako imebaki? Nimezipima njia zote

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua. Mezani kuna kompyuta mpakato ambayo wiki iliyopita niliipandisha toleo jipya la Linux, na nina swali moja nitakalolipeleka kwa kila mfumo tunaoutumia: ukishaweka DNS unayoitaka wewe, halafu ukapandisha toleo la mfumo mzima, ile DNS inabaki au inaondoka?

Kwa aliyejiunga leo, DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Usipogusa chochote, kifaa chako huchukua seva ya DNS kutoka kwenye ruta kupitia DHCP, yaani utaratibu wa ruta kukipa kifaa anwani na mipangilio ya mtandao bila wewe kuiandika. Wengine tunaibadilisha. Kuna anayeweka 9.9.9.9 ya Quad9 kwa sababu inazuia majina ya tovuti zenye programu hasidi, kuna wa 1.1.1.1 ya Cloudflare, kuna waliozoea 8.8.8.8 ya Google tangu 2009. Mimi nina Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, nyuma ya televisheni, ndani yake kuna programu ya Pi-hole, anwani yake 192.168.1.2, kazi yake kukataa majina ya seva za matangazo.

Sasa nisikilizeni kilichonipata. Nilipandisha toleo, mashine ikawaka, Wi-Fi ikashika, nikasema alhamdulillahi. Kesho yake asubuhi nafungua ukurasa wa hali ya hewa, tangazo la viatu limekaa katikati. Mchana nikaufungua tena, halipo. Jioni, viatu vilevile. Nikaenda kwenye mipangilio ya mtandao: 192.168.1.2 ipo pale pale, haijaguswa hata tarakimu moja. Basi lawama zote nikamtupia Pi-hole. Nikaiwasha upya mara mbili, masikini ya Mungu, haina kosa.

Tazameni hapa kwenye skrini. Hii ni amri `resolvectl status`, na haya ndiyo majibu niliyoyapata jioni ile. Mstari wa DNS Servers una anwani mbili: 192.168.1.2, na ubavuni mwake kuna fe80::1. Hiyo ya pili sikuiweka mimi. Ni ruta yenyewe, inajitangaza kwa njia ya IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za mtandao: "jamani, mimi pia najua majina." Na mstari wa juu yake, Current DNS Server, unaonyesha inayotumika wakati huo. Mnaona imesimama kwa nani? Kwa mgeni.

Linalochekesha ni hili. systemd-resolved, programu ya Linux inayoshughulikia maswali ya DNS, ikiwa na seva mbili haiulizi moja kisha nyingine kwa zamu. Inashikamana na moja, na hiyo isipojibu inahamia ya pili na kubaki huko. Kwa hiyo kila nilipoiwasha upya Pi-hole kuitibu, kompyuta iliona seva imenyamaza, ikahamia kwa ruta. Dawa yangu ndiyo iliyokuwa inaleta homa.

Huyo fe80 aliingiaje? Zamani nilizima IPv6 kwa mstari mmoja ndani ya `/etc/sysctl.conf`, nikasahau kabisa kwamba niliandika. Wakati wa kupandisha toleo, mifumo ya familia ya Debian ikikuta faili la mipangilio ulilolihariri, na toleo jipya nalo limelibadilisha, inasimama na kukuuliza: uchukue la mtunza kifurushi, yaani lile lililokuja na programu, au ubaki na lako? Y au I ni kuchukua jipya, N au O ni kubaki na lako, D ni kuonyeshwa tofauti. Ukibonyeza Enter tu bila herufi, lako linabaki. Mimi nilibonyeza Y. Kwa mazoea tu, kama mtu anayekubali masharti bila kuyasoma. Ule mstari ukaondoka, IPv6 ikafufuka, ruta ikaingia na DNS yake mlango wa nyuma.

Ndiyo maana nasema kosa la DNS baada ya kupandisha toleo ni la kimyakimya. Intaneti ikikatika utajua dakika hiyohiyo. Lakini DNS yako ikiondoka na ya ruta ikashika nafasi, kila kitu kinafunguka vizuri, na wewe unaendelea kuamini kichujio cha watoto kipo kazini kumbe kilishaondoka zamani.

Haya, tupime njia moja moja, tuanze na Linux kwa sababu ndiko kwenye mitego mingi.

Njia ya kwanza ni ile utakayoelekezwa na kila mtu: fungua `/etc/resolv.conf`, andika nameserver na anwani yako, hifadhi. Inafanya kazi papo hapo, ndiyo sababu watu wanaipenda. Lakini andika `ls -l /etc/resolv.conf` uone. Kwenye Ubuntu ya sasa, na kwenye Fedora kuanzia toleo la 33 la mwaka 2020, hilo si faili la kweli, ni kiungo kinachoelekeza kwenye `/run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`. Na `/run` iko kwenye kumbukumbu ya RAM. Ukizima mashine, kilichokuwemo kimekwenda. Toleo jipya halihitajiki, kuwasha upya kunatosha. Halafu lenyewe limekuonya: mistari ya juu kabisa inasema linasimamiwa na systemd-resolved na usilihariri. Ndani utakuta 127.0.0.53, ambayo ni kompyuta yako ikijiuliza yenyewe. Njia hii naipa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za huruma.

Wajanja watasema, futa kiungo, weka faili halisi, kisha lifunge kwa `chattr +i` asiliguse hata root, msimamizi mkuu wa mfumo. Nimewahi kuishi hivyo karibu mwaka mzima. Faili halikuguswa, kweli. Lakini VPN ilipotaka kuweka DNS yake iligonga mwamba, na kila nilipokuwa kwenye Wi-Fi ya umma ule ukurasa wa kuingilia haukufunguka, kwa sababu kompyuta ilikuwa inaitafuta 192.168.1.2 isiyokuwepo mahali pale. Na programu ya kupandisha toleo ikitaka kulirekebisha faili hilo nayo itashindwa, tena katikati ya kazi ambayo hutaki ikwame. Sitaki kuipa alama kabisa.

Njia ninayoipendekeza kwa kompyuta ya mezani au mpakato ni kumwachia NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, kwa sababu ndiye mwenye mtandao. Mnaona ninachoandika: `nmcli connection modify`, jina la muunganisho, kisha `ipv4.dns 192.168.1.2`, na halafu neno ambalo wengi wanaliruka, `ipv4.ignore-auto-dns yes`. Bila hilo la mwisho unakuwa umeongeza seva, hujabadilisha. Za DHCP zinabaki palepale kando ya yako. Na sasa mnajua kwa nini naongeza la tatu, `ipv6.ignore-auto-dns yes`. Hilo ndilo lililomtoa fe80 nyumbani kwangu, na IPv6 yenyewe nimeiacha iwake, haikuwa na ubaya wowote.

Uzuri wake ni kwamba mipangilio hii iko kwenye wasifu wa muunganisho, na wasifu ni data yako, si faili lililokuja na kifurushi, hivyo hakuna atakayekuuliza Y au N. Kuanzia Ubuntu 23.10 zile wasifu zilihamishwa kutoka `/etc/NetworkManager/system-connections` kwenda `/etc/netplan`, kwa hiyo usishtuke ukikuta folda ya zamani ni tupu baada ya kupandisha. Kasoro yake: ni kwa muunganisho mmoja mmoja. Wi-Fi mpya, wasifu mpya, DNS ya ruta. Kwangu mimi hiyo ni sifa, maana Pi-hole iko nyumbani tu. Kwa anayetaka 9.9.9.9 kila aendako ni usumbufu. Naipa nane.

Huyo wa kila aendako, au mwenye seva isiyo na NetworkManager lakini inatumia systemd-resolved, aende hivi: badala ya kuhariri `/etc/systemd/resolved.conf`, tengeneza folda `/etc/systemd/resolved.conf.d`, weka ndani faili dogo lenye mwisho wa `.conf`. Mistari mitatu inatosha: `[Resolve]`, `DNS=9.9.9.9 149.112.112.112`, na `Domains=~.` inayosema majina yote yaelekezwe huko. Faili hilo umelizaa wewe, hakuna kifurushi kinacholidai, kwa hiyo hakuna atakayekuja kulibadilisha. Ukihariri lile kubwa utarudi kwenye maswali ya Y na N, na mmeshaona mimi ni mtu wa kubonyeza nini.

Windows. Tangu Windows 10 ifikie mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025 watu wengi wanahamia 11, kwa hiyo hapa tusikilizane. Anwani ya DNS unayoiweka kwa mkono inahifadhiwa kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, chini ya Tcpip, Parameters, Interfaces, na humo kila adapta ya mtandao ina kitambulisho chake kirefu ndani ya mabano ya mawimbi. Ukipandisha toleo juu ya lile la zamani na adapta ikabaki na kitambulisho chake, DNS yako inavuka salama. Lakini draiva ikiondolewa na kuwekwa upya, Windows inaweza kuihesabu adapta ileile kuwa kifaa kipya. Kitambulisho kipya, ukurasa mtupu, DHCP inashika. Mipangilio yako ya zamani wala haijafutwa, imekaa kwenye rejista ikimsubiri mtu ambaye harudi. Na ukisafisha diski ukaanza upya, hakuna cha kusubiri.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe cha kupandisha, fungua PowerShell, andika `Get-DnsClientServerAddress`, hifadhi majibu kwenye faili, faili lipeleke nje ya mashine. Baada ya kupandisha irudie amri hiyo, linganisha. Safu ya IPv6 iangalie vilevile, mgeni wangu anapita huko pia. Naipa sita, kwa sababu kuvuka kwake kunategemea jambo ambalo mtumiaji wa kawaida hana namna ya kuliona.

Mac nitapita haraka, haina makuu. DNS inakaa kwenye huduma ya mtandao, yaani Wi-Fi nzima kwa pamoja, si kila Wi-Fi na yake. Unaiona kwa `networksetup -getdnsservers Wi-Fi`. Mtego ni mmoja, na ni wa wanaotoka Linux: `/etc/resolv.conf` ipo, lakini humo ndani imeandikwa wazi kwamba programu nyingi za mfumo haziisomi. Ukihariri pale unajifurahisha tu. Nane.

Simu za Android ndizo zilizonifurahisha kuliko zote. Tangu Android 9 ya mwaka 2018 kuna DNS ya faragha, unaandika jina la seva, mfano `dns.quad9.net`, na linatumika kwenye Wi-Fi yoyote na data ya simu pia. Ni mpangilio mmoja wa kifaa kizima, haujafungwa kwenye adapta wala muunganisho. Na ukishaandika jina, seva ile isipopatikana simu inakataa kufungua kurasa, haikimbilii kwa ruta kimyakimya. Najua kuna atakayeudhika siku moja akiwa na haraka. Mimi afadhali ikatike nijue. Kasoro ni kwamba inataka jina na usimbaji, kwa hiyo Pi-hole yangu yenye anwani ya 192.168 haiwezi kuingia pale hivihivi. Tisa.

Kuna mnaoandika tayari: "si uweke kwenye ruta yaishe?" Weka, mimi pia nimeweka. Lakini ruta nayo ina programu yake inayosasishwa, na kompyuta mpakato haiendi na ruta begani. Na kivinjari chako huenda kina DNS yake ya ndani inayopita kwenye HTTPS. Hiyo ikiwa imewashwa, unaweza kuhangaika na mfumo mpaka usiku wa manane na kivinjari kisikusikilize. Angalia huko kabla hujamlaumu mtu. Au kifaa.

Jambo la mwisho nililobadilisha kwenye mashine hii. Wengi tunaweka seva ya pili "ya akiba", mimi nilikuwa na 8.8.8.8 kwenye kompyuta nyingine ya nyumbani. Kwa DNS ya kawaida akiba ni nzuri. Kwa DNS ya kuchuja, akiba isiyochuja ni tundu, na mmeona resolved ikishahamia inavyokaa. Nimeitoa.

Haya, nawasha upya mbele yenu, sikati video. Inawaka… Wi-Fi imeshika… `resolvectl status`. DNS Servers: 192.168.1.2, peke yake. Sasa nachomoa waya wa Pi, ukurasa wa hali ya hewa… haufunguki. Ndivyo nilivyotaka. Narudisha waya. Mwenye ruta inayomletea fe80 kama yangu aniandikie chini ametumia mfumo gani, nitasoma zote. Kwaherini.