Gari la kwanza la kuunganisha: nimeyapanga kwa rangi, si kwa sura

Boneti ya kwanza niliyoipaka rangi, ya gari dogo la plastiki la kuunganisha mwenyewe, iliota magamba kama mgongo wa kenge. Nilikuwa nimemaliza kuunganisha, kila kipande kimekaa mahali pake. Nikaenda duka la vipuri vya magari, nikachukua kopo la rangi ya kupuliza la bei poa, nikatoka nalo uani na kupuliza yote kwa mkupuo mmoja. Kabla sijarudisha kifuniko plastiki ilishaanza kujikunja. Kumbe rangi ile ilikuwa ya kupaka bati, thina yake kali, na plastiki ya magari haya ni polistirini, ambayo haina ubavu wa kushindana na thina ya namna hiyo. Kazi ya wiki tatu ikaishia kwenye pipa la taka.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue gari gani la kuanzia, nami namuuliza: utapaka rangi gani, na utapakia wapi? Kukata vipande na kuvibandika utajifunza jioni mbili. Wengi ninaowajua walioacha mchezo huu waliachishwa na rangi. Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa uzuri wa gari wala umaarufu wa kampuni. Nimeipanga kwa kuangalia gari lenyewe linakudai rangi kiasi gani.

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo. Kwenye boksi utaona 1/24 au 1/32. Maana yake sentimita moja ya mfano ni sentimita 24, au 32, za gari la barabarani. Hiace ya mita 4.7 ikiletwa kwenye 1/24 inakuwa kama sentimita 19 na nusu, inajaa kiganja na kubaki. Magari mengi ya kampuni za Kijapani, kama Aoshima, Tamiya na Hasegawa, ni 1/24, ya Wamarekani ni 1/25, na ukiyapanga kabatini pamoja hakuna mgeni atakayegundua.

1. Suzuki Jimny ya Aoshima, 1/32, ya kubana bila gundi

Hii ndiyo namba moja yangu, na najua wazoefu watanicheka. Vipande vinabanana vyenyewe, plastiki imeshatiwa rangi kiwandani, na ikimalizika ina urefu wa sentimita kumi na kitu. Usipotia tone la rangi bado unapata gari la kuweka mezani. Hapo ndipo uzuri wake ulipo: unaweza kupaka kidogo kidogo, leo taa za nyuma, kesho raba za madirisha kwa brashi nyembamba, na ukiharibu unafuta. Mtoto wa miaka kumi anaiweza, ila mkatie wewe vipande kutoka kwenye fremu ya plastiki vinamokuja, kisu kile hakina mchezo.

2. Volkswagen 1300 Beetle ya mwaka 1966, ya Tamiya, 1/24

Hapa ndipo ninapoanzia mtu mzima aliyekwisha kuamua. Vipande vya Tamiya vinaingiana mpaka raha, na ramani yao ya kuunganisha hata asiyejua Kijapani wala Kiingereza anaifuata kwa picha tu. Kwa hiyo vita inabaki moja, ya rangi. Kobe, yaani hiyo Volkswagen, ana rangi moja mwili mzima, hana mistari, hana stika za kukutoa jasho. Kinachosumbua ni zile nikeli za pembeni na kwenye boneti. Mimi huzipaka fedha kwa ncha ya kijiti cha meno, si kwa brashi. Kijiti hakinywi rangi, kinaacha pale pale ulipogusa, na ukitoka nje ya mstari unasubiri ikauke kidogo kisha unakwangua kwa kijiti kingine kikavu. Ukimaliza tazama kwa mbali ya mkono mmoja, si kwa kioo cha kukuzia. Kwa kioo cha kukuzia kila kitu ni kibaya.

3. Land Rover Series III ya Revell, 1/24

Vipande ni vingi, springi za majani zimetengenezwa kipande kwa kipande, na lazima ujaribu kila kiungo kikiwa kikavu kabla ya kutia gundi. Kwa nini basi nimeiweka juu hivi? Kwa sababu Land Rover hailazimiki kung'aa. Ipake kwa brashi rangi isiyong'aa, kijani au mchanga, na alama za brashi zikibaki, wapi umeona 109, ile Land Rover ndefu, ya miaka hamsini isiyo na alama? Asiye na uani wa kupulizia, anayeishi chumba kimoja na jirani ukutani, achukue hii. Revell pia huuza baadhi ya magari yao yakiwa na gundi, brashi na vikopo vya rangi ndani ya boksi moja, na kwa anayeagizia mbali hilo linapunguza usumbufu.

4. Toyota Hiace ya Aoshima, 1/24

Moyo wangu uko hapa, akili ndiyo imeishusha. Aoshima hawakuitengeneza iwe daladala, ni gari la familia la Kijapani, lakini nani hapa ataiacha hivyo? Usukani uko kulia kama zetu. Tatizo ni kwamba nyeupe ni rangi ngumu: ukipuliza nyembamba inaonyesha chini, ukipuliza nzito inajaza mistari ya milango. Halafu uje mstari wa ruti. Iwe ya Dar na rangi ya njia yake, iwe ya Nairobi na ule wa manjano uliolazimishwa kwa sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, mwaka 2004, mstari unataka maskintepu, ile tepu ya karatasi ya kuzuia rangi, iliyobanwa kwa ukucha mpaka kwenye kila kona. Maskintepu ya duka la ujenzi huvujisha. Ikate upya ukingo wake kwa kisu na rula kabla ya kuibandika, kisha pulizia kwanza ile nyeupe ya chini kwenye ukingo, ikauke, ndipo rangi ya mstari. Kilichotaka kuvuja kitavuja kikiwa cheupe.

5. Datsun 240Z ya Safari Rally 1971, ya Hasegawa, 1/24

Kila mtu anataka kuanza na hii, nami nakuomba usianze nayo. Ni gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller, namba 11, jekundu lenye boneti nyeusi, lililoshinda Safari ya 1971, miaka mbio hizo zilipokuwa bado zinapita nchi zaidi ya moja ya Afrika Mashariki. Nyekundu ya kung'aa, nyeusi juu yake, stika za maji, zile za kulowesha kwanza, kila upande, na stika za maji haziketi vizuri kwenye rangi isiyo laini kama kioo. Nunua ukipenda, liweke kabatini, lisubiri gari lako la nne. Faraja ni kwamba likishaiva unaweza kulitia vumbi: saga chaki ya kahawia nyekundu, paka kwa brashi kavu nyuma ya magurudumu na kwenye sketi za chini. Vumbi husitiri mengi.

Magari ya AMT ya Marekani sikuyaweka. Ni mazuri, lakini mengi ni ya kalibu za zamani, yana mabaki ya plastiki ya kukwangua, na mwanzo si wakati wa kukwangua.

Sasa tuje kwenye makopo. Ukiagiza Japani au Ulaya, boksi la gari litakuja kwa ndege bila tabu, rangi za kupuliza hazitakuja. Makopo hayo yana gesi inayowaka, hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, kwa hiyo usimtume shangazi anayetoka London akaja kuaibishwa uwanja wa ndege. Gundi nyembamba ya Tamiya nayo inawaka. Kinachosafiri kwa urahisi ni rangi za maji, na kati ya hizo nachagua Vallejo ya Hispania, chupa ndogo yenye mdomo wa kudondoshea. Kwa ndani ya gari, viti, matairi na chasisi haina mpinzani. Kwa bodi ya kung'aa, hapana.

Ukibahatika kupata rangi za kupuliza za Tamiya, soma herufi. TS ndiyo ya plastiki hii: TS-26 nyeupe, TS-8 nyekundu, TS-13 ni klia, ile isiyo na rangi ya kumalizia juu. PS ni ya bodi za magari ya rimoti, plastiki nyingine kabisa. Kopo linafanana, duka halitakuuliza.

Usipoipata, rudi kwenye kopo la duka la vipuri, ila kwa adabu. Puliza kwanza kwenye kijiko cha plastiki, kile kigumu cheupe kinachovunjika ukikikunja. Kikibaki laini baada ya saa moja, songa mbele. Kwenye bodi anza na ukungu tu, mara tatu, kila safari rangi ifike karibu imekauka, uache dakika kumi katikati. Mpako mzito ni wa mwisho. Na usipulizie asubuhi mapema wala wakati wa mvua: unyevu huingia kwenye rangi ikabaki na utandu mweupe. Mimi husubiri saa nane mchana, jua limekausha hewa, ndani ya boksi la karatasi ili vumbi lisiniharibie.

Vingine vyote vipo mtaani. Msasa wa maji, namba 1000 mpaka 2000, ni ule ule wa mafundi rangi wa Gerezani, Dar. Supagluu inashika, ila mvuke wake hufanya vioo kuwa na ukungu mweupe usiotoka. Vioo bandika kwa gundi nyeupe ya seremala. Ikikauka haionekani, na ukikosea unaifuta kwa kitambaa chenye maji.